Kufungua skupu ya boneti kwenye V8 ya zamani, kuna faida kweli?

Kuna ubishi hauishi kwa wenye V8 za Marekani, yaani magari yenye injini ya silinda nane, za miaka ya 60 na 70, Pontiac GTO, Chevelle, Mustang, Road Runner na wenzao: lile pua la juu ya boneti, skupu, liachwe kama lilivyotoka kiwandani au litobolewe lianze kupeleka hewa kwenye kabureta? Maana skupu nyingi za wakati ule zilikuwa urembo tu, bati limeinuka, mbele kuna kigrili kizuri, nyuma yake pameziba kabisa. Wengine wanasema gari lenye pua lisilopumua halijakamilika. Wengine wanasema ukikata boneti ya asili umeharibu kitu ambacho hakitengenezwi tena. Mi naona pande zote mbili zinagombania tundu wakati kazi yenyewe inafanywa na sponji ya kuziba, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoharakisha.

Tuwape haki yao wanaotaka kufungua kwanza, kwa sababu viwanda vyenyewe vilifanya hivyo. Mwaka 1965 Pontiac walitoa kifurushi cha kufungwa na dila, yaani muuzaji wa magari yao, kwa ajili ya GTO, ndani yake kuna sinia la bati linalozunguka kabureta na gasketi ya sponji inayobanwa na boneti ikifungwa, ili injini inywe hewa ya nje tu. Oldsmobile 442 ya 1966 yenye kifurushi cha W-30 walienda mbali zaidi, wakapitisha mabomba makubwa ya mpira kutoka mbele kwenye bampa mpaka kwenye eya klina, lile kopo la filta ya hewa, na kwa kuwa nafasi haikutosha betri ikahamishiwa kwenye buti. Plymouth Road Runner ya 1970 ilikuwa na Air Grabber, unabonyeza swichi ndani ya gari na vakyumu, yaani nguvu ya mvuto wa hewa ya injini, inainua skupu kutoka kwenye boneti, pembeni imechorwa meno ya papa. Chevelle SS ya 1970 ikageuza mambo kabisa, kijilango chake kiko nyuma ya boneti kinaangalia kioo cha mbele, na kinafunguka ukikanyaga mafuta mpaka chini.

Hiyo ya Chevelle inafundisha zaidi ya zote. Gari likikimbia, hewa inayogusa bati la boneti inakwenda taratibu kuliko ile iliyo juu yake kidogo, kwahiyo skupu fupi iliyolala kwenye boneti inameza hewa iliyochoka, wakati pale chini ya kioo cha mbele hewa inagonga, inarundikana na presha inapanda. Ndio maana magari ya drag, yale ya mbio fupi za mstari ulionyooka, yana skupu ndefu zinazosimama juu kabisa, zinatafuta hewa safi isiyoguswa na boneti. Skupu nyingi za gari la barabarani ziliwekwa pale mbunifu alipoona panapendeza.

Sasa tuje kwenye kusukuma hewa, kile wanachokiita ramu ea, kwa sababu hapa ndipo watu wanadanganyika sana. Hesabu yake ni rahisi na haina huruma. Kwenye 100 km/h presha yote unayoweza kuipata kutokana na mwendo wa gari, hata skupu iwe kamilifu isiyopoteza chochote, ni kama nusu ya asilimia moja ya presha ya hewa ya kawaida. Ukifika 160 km/h ni asilimia 1.2 hivi, na 200 km/h haijafika hata 2. Kwa injini ya hosipawa 350 hiyo ni kama hosipawa 4 ukiwa 160, na hapo tumechukulia hakuna kinachovuja, kitu ambacho hakipo duniani. Anayekata boneti kwa ajili ya kusukumiwa hewa anatafuta kitu ambacho mguu wake hautakihisi.

Lakini joto ni habari nyingine kabisa. Chini ya boneti ya V8 kubwa, rejeta mbele, egzosi zinawaka pembeni, gari limetoka kwenye foleni, hewa inayozunguka eya klina inaweza kuzidi ya nje kwa digrii 30 za Selsiasi bila shida. Hewa ya digrii 60 ni nyepesi kuliko ya digrii 30 kwa karibu asilimia 9. Nguvu haishuki kwa kiasi chote hicho, kwa kanuni ya zamani ya kusahihisha vipimo vya daino, mashine ya kupimia nguvu ya injini, inatoka kama asilimia 5, ila asilimia 5 ya 350 ni hosipawa 17 na hiyo unaihisi. Na haisubiri ufike 160, unaipata hata ukiondoka kwenye taa. Kwahiyo ukiniuliza skupu inasaidia nini nitakwambia hewa baridi, basi.

Wanaopinga wana hoja moja wanaipenda. Wanasema Ford waliuza Mustang ya 1969 yenye injini ya 428 Cobra Jet ikiwa na ramu ea na isiyo nayo, na zote mbili karatasi inasema hosipawa 335, kwahiyo skupu haikuongeza kitu. Hoja inavutia ila haisimami, kwa sababu namba za miaka ile zilipimwa injini ikiwa peke yake kwenye stendi, haina boneti juu, haina joto lililofungiwa, mara nyingi haina hata eya klina. Injini inayopimwa nje ya gari tayari inakunywa hewa baridi, sasa skupu itaonyesha tofauti wapi? Mpaka viwanda vilipohamia vipimo vya net, yaani injini ikiwa na vifaa vyake vyote kama ilivyo ndani ya gari, mwaka 1972 namba za kwenye karatasi hazikuwa na uwezo wa kumaliza ubishi huu. Halafu upande wa pili nao wana kosa lao hilohilo, wanaonyesha GTO ya 1969 yenye injini ya Ram Air IV, hosipawa 370, dhidi ya ya kawaida yenye 350, wanasema mnaona hewa ilivyofanya kazi! Ram Air IV ilikuwa na silinda hedi zenye matundu ya duara ya egzosi, kamshafti kali zaidi na manifoldi ya aluminiamu. Skupu ilipewa sifa ya kazi ya vyuma vingine.

Ngoja niongelee sponji sasa. Ukitoboa boneti na kuacha eya klina ya kawaida chini yake, umefungua dirisha tu, kabureta itaendelea kuvuta hewa kutoka popote ilipo rahisi, na chini ya boneti rahisi ni ile ya moto. Lazima kuwe na sinia linalozunguka eya klina na ukingo wa sponji unaobanwa na boneti pande zote. Sasa injini ya V8 ikikanyagwa inajipinda kwenye mauntingi zake, kwahiyo sponji iwe nene na laini ya kufuata huo mtikisiko, ikiwa ngumu itanyanyua boneti au itachanika. Namna nzuri ya kupima ni kuweka vidonge vya udongo wa watoto wa kuchezea juu ya eya klina, unafunga boneti taratibu, unafungua, unapima unene uliobaki. Kazi ndogo lakini bila hiyo unanunua sponji kwa kubahatisha. Filta isiondolewe, tafadhali sana, watu wanatoa filta ili hewa iingie zaidi na wanakula ringi za pistoni. Na sinia liwe na matundu madogo ya kutolea maji, mvua itaingia tu.

Ukishafanikiwa kuna deni jingine. Kabureta haipimi uzito wa hewa, hewa ikiwa baridi na nzito mchanganyiko unapungua petroli. Soma plagi, yaani angalia rangi ya ncha zake, pengine jeti, kile kitundu kinachopima petroli, ipande hatua moja. Usipofanya hivyo unaweza kupoteza ile nguvu uliyoitafuta, na ukikimbia muda mrefu ukachoma pistoni. Na asubuhi za baridi yenye unyevu kabureta inaweza kuganda barafu, ndio sababu viwanda viliweka bomba la hewa ya moto kwenye eya klina, kwahiyo anayeishi Michigan, kaskazini mwa Marekani, na kuendesha gari mwezi wa kumi na moja asilitupe.

Wasomaji wa Nairobi na Dar wengi skupu wanaijua kupitia Subaru, ila ile inapooza intakula, yaani kipoza hewa ya tabo, iliyokaa juu ya injini, kazi tofauti, tusizichanganye.

Turudi kwenye kukata. Hapa nawaunga mkono wapinzani bila kusitasita: boneti ya asili ya bati usiiguse. Chini yake kuna mbavu zinazoipa nguvu na msumeno ukipita hapo inaanza kupepea barabarani, kutu inaingia kwenye makali, na gari lililokuwa kamili kwa namba zake, yaani vyuma vyake ni vilevile vya kiwandani, linashuka thamani kwa kitu kisichorudishika. Kuna boneti mpya za faiba na za bati zinauzwa kwa magari mengi ya aina hii, nunua moja, toboa hiyo, ya asili ifunge blanketi uihifadhi. Kwa GTO ya 1965 mi nisingefanya vinginevyo.

Ila Pontiac Trans Am za 1973 mpaka 1979 naziona tofauti. Skupu yake imekaa juu ya injini yenyewe na inatikisika nayo, haijashikana na boneti, mdomo wake unaangalia nyuma kwenye kioo. Mwaka 1970 mpaka 1972 ilikuwa inafunguka kweli, kuanzia 1973 ikazibwa kwa sababu ya sheria za kelele za magari yanayopita, maana kabureta ikivuta kwa nguvu inanguruma. Njia ya hewa kiwanda walishaitengeneza, wakaiziba tu, na skupu ya ziada inapatikana kwahiyo ya asili unaiweka kabatini. Kwenye Trans Am ya 1978 yenye injini ya W72 ya hosipawa 220 asilimia 5 ni 11, na gari lile linazihitaji kweli.

Kabla ya yote hayo nunua kipimajoto cha waya, ingiza ncha yake ndani ya eya klina, endesha nusu saa ikiwemo foleni, andika namba, kisha pima ya nje. Ikiwa tofauti haifiki digrii 10 msumeno urudi kwenye boksi, pesa hiyo ipeleke kwenye moto wa plagi na egzosi.