Ukomunisti, ubepari, soko lenye sheria: hasara inalipwa na nani?

Ubishi wa ukomunisti na ubepari huwa unaishia kwenye nani ana roho nzuri na nani mchoyo. Mi naona swali ni jingine, mambo yakiharibika nani analipa?

Chukua Umoja wa Kisovieti. Mipango ya viwanda ilitoka ofisi moja kubwa pale Moscow, Gosplan, iliyoanzishwa 1921, kiwanda kinapewa lengo, kikilifikia meneja anakula bonasi, kama mnunuzi hakitaki kile kitu shauri yake. Khrushchev mwenyewe, aliyekuja kuwa kiongozi wa nchi hiyo, alilalamika hadharani kwamba taa za kuning'iniza zilikuwa zinatengenezwa nzito mno kwa sababu lengo lilipimwa kwa tani! Hasara ya namna hiyo haina mwenyewe, wananchi ndo waliilipa kwa kupanga foleni. Ila tusiwapunje, walifuta ujinga wa kusoma na kuandika ndani ya miongo michache na 1957 wakarusha satelaiti ya kwanza duniani, yaani lengo likiwa moja na linaeleweka mpango wa serikali unafanya kazi, balaa linaanzia kwenye viatu na sabuni.

Hapo soko limeshinda, sibishi. China baada ya 1978 iliwaachia wakulima wauze ziada yao na mavuno yakapanda haraka, wakulima walewale.

Lakini mabepari nao bwana! Septemba 2008 Lehman Brothers, benki kubwa ya uwekezaji ya Marekani, ikafilisika, kesho yake benki kuu ya Marekani ikaikopesha AIG, kampuni kubwa ya bima, dola bilioni 85 isizame. Faida ilikuwa ya wenye hisa, hatari wakabebeshwa watu wote. Sasa hiyo na zile taa zina tofauti gani?

Ndo maana naegemea soko lenye sheria, yaani watu wanauza na kununua wenyewe ila serikali inawasimamia, japo nalo lina matundu yake. Mwaka 1933 Marekani ilitenganisha benki za amana, zinazotunza akiba za watu, na zile za biashara ya hisa, mabenki yakasukumasukuma mpaka sehemu kubwa ya ukuta huo ikabomolewa 1999. Kuna wanaosema ukuta usingeiokoa Lehman maana haikuwa benki ya amana, na hilo ni kweli. Kinachonisumbua ni kwamba anayesimamiwa ana hela na wanasheria kuliko anayemsimamia, na masharti yakirundikana kampuni kubwa inayamudu tu, anayefunga duka ni yule mdogo ambaye hata hakuhusika.