Antena ya tatu, waya uleule

Shemeji yangu ana karavani kuukuu pale Luchelele, Mwanza, hatua chache kutoka majini. Watalii waliokuwa wakizunguka Afrika waliiacha ikiwa imevunjika ekseli. Yeye akaipandisha juu ya matofali, akaifanya chumba cha kupumzikia wikiendi. Kitanda kipo, jiko la gesi lipo, televisheni ipo. Picha ndiyo haipo.

Siku ya Simba na Yanga tulijibana humo watu sita, sato wanachomwa nje. Mpira haujachangamka, kioo kikaganda. Shemeji akapanda juu ya paa. "Hapo vipi?" "Bado!" "Na hapo?" "Imerudi! Aa, imekata." Goli tulilisikia kwa majirani. Nikamuuliza kwa upole, shem, hii antena si umeinunua juzijuzi? Akanijibu bila hata kupepesa: fundi kasema nayo imechoka, inatakiwa nyingine. Hiyo iliyochoka ni ya tatu, na mwaka haujaisha.

Jamani, antena ni vijiti vya alumini vilivyopangwa juu ya mti. Inachoka kwa kulima shamba la nani?

Kesho yake nikaenda na bisibisi na kisu. Nyuma ya televisheni nikakuta waya wa antena umechunwa kwa meno, halafu umeungwa na waya wa taa. Ndiyo, ule mweupe wa kuning'inizia balbu, kama robo mita hivi, umezungushiwa tepu nyeusi iliyokwisha kuyeyuka na kuwa gundi. Ndani ya kabati la juu kulikuwa na kiungo kingine kama hicho. Nilipokata, ule wavu wa shaba wa nje ulikuwa umegeuka kijani, ukiusugua unabaki unga kidoleni. Povu jeupe la ndani limelowa. Hapo ndipo antena tatu zilipofia.

Maana karavani zenye busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, juu ya paa hupeleka volti 12 kupitia waya uleule unaoshusha picha. Kiungo kikioza, busta inakosa nguvu. Unyuzi mmoja wa wavu ukigusa uzi wa katikati, fyuzi inakwenda. Fundi anafika, anaona busta haipokei kitu, anatamka kwa sauti ya daktari: antena imekufa. Imekufa wapi? Imenyimwa chakula! Na hata busta ikishiba, kipande cha waya wa taa katikati ya waya wa antena, uliopimwa kwa mawimbi kuwa ohm 75, ni kama kumwekea mtu ukuta mlangoni: mawimbi yanagonga yanarudi, na kelele za nje zinaingia zitakavyo. Wavu ule si pambo. Ni nusu ya waya.

Zamani tungejua mapema. Enzi za analojia waya ukianza kuumwa uliona chenga, ukaona mtangazaji ana kivuli, ukavumilia taarifa ya habari huku ukipanga matengenezo. Tangu Mwanza tuingie dijitali mwaka 2013 ugonjwa unajificha: picha safi, safi, safi, kisha giza, na daima ni wakati wa penalti. Kwa hiyo tunanunua kinachoonekana juu ya paa. Waya umepita ukutani, nani atausifia?

Nakubali, shingo upande, kwamba fundi naye anakula kwa kazi yake, na mteja akiambiwa "lipia mita kumi za waya usiouona" anakimbia. Nakubali pia kuna sehemu za mji huu, chini ya yale majabali yetu, ambako hata waya wa dhahabu hauleti kitu. Luchelele si huko.

Tukajaribu kuvuta waya mpya kwa kuufunga mkiani mwa ule wa zamani. Haukusogea hata inchi; hizi karavani waya hupigiliwa kabla ukuta haujafungwa. Basi tukauacha wa zamani uoze humo ndani, ule mpya wa antena, aina ya RG6, tukaupitisha makabatini, kipande kimoja kutoka busta hadi televisheni, bila kiungo hata kimoja. Hapo sikutaka mjadala. Shemeji alikuwa na kipande kizuri cha mita nne, akasema tuunge tu, tuokoe hela. Nikamtazama mpaka akakirudisha mfukoni.

Kilichotuchukua muda ni paani. Waya ulikuwa unaingia tunduni moja kwa moja kutoka juu, yaani mvua imepewa barabara ya lami. Tukaushusha kidogo chini ya tundu kisha ukapanda kuingia, ili maji yadondokee hapo kwenye tumbo la waya. Gundi ya zamani tukaikwangua yote kabla ya kupaka mpya. Mbao za chini ya tundu zilikuwa laini kama ugali wa jana, lakini hiyo ni kesi nyingine, na dada yangu bado hajaambiwa.

King'amuzi kikatafuta upya. Antena ni ileile ya tatu, iliyochoka.

Mbili za mwanzo ziko uvunguni mwa karavani. Anayezihitaji aje achukue bure, ila aje na waya wake.