Viwango vitangulie, miamala ifuate

Programu ya kuchakata mikondo ya data, yaani data inayoingia mfululizo bila kukoma, inaweza kukosea bila kuacha hata mstari mmoja kwenye logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo). Inawashwa, inaanza kusoma vyanzo viwili kwa mpigo: miamala na viwango vya makato. Muamala wa shilingi 50,000 unaingia kabla kiwango chake hakijasomwa. Programu inatafuta, haioni kitu, inaupitisha kwa makato ya sifuri. Muda si muda viwango vyote vimeshasomwa, kila kitu shwari. Atakayegundua ni mhasibu, tena wakati wa kufunga hesabu za mwezi.

Kwa maoni yangu, kuamua chanzo kipi kitangulie ni kazi ya injini, yaani mfumo unaoendesha programu hizi, na mwandishi wa programu angepaswa kuutamka mpangilio huo kwa mstari mmoja tu. Apache Samza, injini iliyozaliwa LinkedIn, ilishalifanya hili zamani: unautia mkondo alama ya bootstrap (“usomwe kwanza”), nayo injini inausoma hadi ujumbe wa mwisho uliokuwepo programu ilipowashwa, ndipo inafungulia mikondo mingine. Hapo pamejibiwa swali linalowashinda wengi: mkondo usiokoma tuseme umesomwa wote lini?

Kafka Streams, maktaba ya kuchakata data inayopita kwenye Kafka (mfumo wa kuhifadhi na kusambaza mikondo), imefika nusu ya njia. GlobalKTable, jedwali lake la marejeo, hujazwa yote kabla uchakataji haujaanza, na kwa orodha fupi ya viwango inatosha kabisa. Lakini kila nakala ya programu hubeba jedwali zima, tena muhuri wa muda (alama ya wakati wa kila rekodi) hautazamwi. Ukichakata upya miamala ya mwezi uliopita, itakatwa kwa viwango vya leo.

Flink, injini nyingine, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ndiyo ninayoipenda. HybridSource, iliyokuja na toleo la 1.14 mwaka 2021, inasoma faili za zamani kisha inahamia Kafka. Kazi nzuri, ila mpangilio huo uko ndani ya mkondo mmoja. Miamala na viwango ni mikondo miwili. Kuna InputSelectable, inayoiwezesha opereta (hatua moja ya uchakataji) kuchagua isome upande upi kwanza, lakini haikubaliani na chekipointi, yaani kuhifadhi hali ya kazi kila baada ya muda ili iendelee hapo baada ya hitilafu. Kazi ya fedha bila chekipointi! Mashine ikizimika, hesabu iliyokuwa inaendelea imekwenda nayo.

Kwa hiyo kila timu inajitengenezea ya kwake: miamala inawekwa kwenye steti (kumbukumbu ya ndani ya programu) hadi kiwango chake kifike. Inafanya kazi, lakini steti inavimba, hasa unaposoma upya data ya siku nyingi. Na kiwango kisipofika kabisa je? Unaongeza kipima muda, kisha mnaanza kubishana kama sekunde 30 zinatosha. Yote haya ni kwa jambo ambalo injini inalijua kuliko sisi, maana yenyewe ndiyo inayojua imefika wapi katika kila chanzo.

Wapo wanaosema viwango hubadilika hata baada ya kuwashwa, hivyo mpangilio wa kuanza hautibu kila kitu. Ni kweli, mabadiliko ya katikati ya safari yanahitaji mihuri ya muda. Lakini kila programu huwashwa upya, kwa toleo jipya au baada ya hitilafu, na ni pale ambapo makosa humwagika kwa wingi.

Kwa wanaotumia injini zisizo na mpangilio huo, naomba jambo moja: kiwango kikikosekana, msiweke sifuri. Upelekeni muamala kwenye mkondo wa pembeni, uhesabiwe, na kengele ilie.