Niachieni Kifaru Changu

Kipande B27 kimeruka.

Ninaandika haya magoti bado yana vumbi. Nilikuwa nimekibana kwa kibano, taratibu, kwa heshima zote: taa ya mbele ya modeli ya plastiki ya Tiger, kifaru cha vita cha Wajerumani, kitu ambacho ukikipigia chafya umekipa uhuru. Kikalia "tik!" kikatoweka. Wenzangu wa modeli mnajua kwamba vipande hivi huwa havianguki. Kitu kinachoanguka hufika sakafuni, unakiokota, maisha yanaendelea. Hivi vinahama.

Nimelala kifudifudi, shavu sakafuni, tochi ya simu mkononi, nikimulika chini ya kabati. Nimepata kifungo cha shati, kofia ya kalamu, na sepetu ya kifaru kingine kabisa ambacho nilishakimaliza bila sepetu na tukazoeana hivyo. B27 haipo. Mama watoto amepita, akaniruka miguu, akaendelea na safari yake. Hakuuliza. Zamani alikuwa anauliza.

Nami nilirudi kwenye haya mambo nipumzike! Nilijiambia: wewe ni mtu mzima, unaheshimika, una madeni ya kueleweka, kwa nini usikae jioni na boksi lako la zamani, kifaru cha skeli ya 1:35, yaani urefu wa cha kweli umegawanywa kwa thelathini na tano, ukabandika plastiki juu ya plastiki bila kuongea na mtu? Utotoni nilikuwa naanza kifaru asubuhi na kabla ya giza kinapigana vita sakafuni. Gundi mpaka kwenye nyusi. Mzinga umeangalia kushoto, adui yuko kulia. Na kilikuwa kizuri! Hakuna aliyenipa maoni.

Siku hizi hata gundi ina maoni. Gundi hii ya plastiki haishiki juu juu, inayeyusha. Inalainisha kingo mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja, kwa hiyo kubandua hakuna. Ikikugusa kidole, na kidole kikagusa kifaru, alama ya dole gumba imesajiliwa pale mpaka kiama.

Macho nayo yana mambo yake. Karatasi ya maelekezo ilichorwa kwa ajili ya mtoto mwenye macho mapya kabisa. Nikivaa miwani naona namba, sioni kipande. Nikivua naona kipande, sijui ni cha namba gani. Kipo kisehemu kidogo hapo katikati ambako vyote viwili vinaonekana, na hapo ndipo pua yangu inapoingia kwenye gundi.

Stika nazo zilishageuka njano ndani ya boksi. Wajuzi wanasema karatasi yake uibandike dirishani, jua liifue. Jua likaifua kweli, nikashukuru. Nikaitia kwenye maji ili stika zibanduke, msalaba wa Kijerumani ukapasuka na kila kipande kikaanza kuogelea upande wake. Inatakiwa kwanza uipake vanishi, nasikia. Nasikia baada ya tukio. Ndivyo ushauri wote wa fani hii unavyofika. Ikasalimika stika moja tu, ya namba. Ikumbukeni.

Minyororo ya mpira ilikuwa imekauka, ikakatika mikononi. Nikaiunga kwa bisibisi ya moto, nyumba ikanuka, kikao kikaitishwa. Tuiache hiyo.

Magurudumu siwezi kuyaacha. T-34 ya Warusi ina jozi tano kila upande. Sherman ya Wamarekani ina magurudumu sita. Watu wenye akili zao. Wajerumani wakaketi, wakafikiri, wakaipa Tiger ekseli nane kila upande, na kila ekseli magurudumu matatu, yamepishana na kupandana, la mbele linamficha mwenzake wa nyuma. Ishirini na manne upande mmoja! Arobaini na manane kifaru kizima! Kila moja unalikata kwenye fremu, unalipiga msasa, unalipaka rangi, ukingo wake wa mpira unaupaka rangi nyingine kwa brashi ya nywele tatu huku umezuia pumzi, kisha unalipachika mahali ambapo jingine linakuja kulifunika na hakuna binadamu atakayeliona tena. Mafundi wa vitani walilaani vilevile: gurudumu la ndani likiharibika sharti ufungue ya nje kwanza, na tope likiganda katikati wakati wa baridi kifaru hakiendi popote. Nawaelewa wale jamaa. Ila wao walilazimishwa.

Yote hayo ningeyameza, kama si yule kijana.

Shemeji alikuja kutusalimia Jumapili, akaja na rafiki yake. "Shem, huyu naye ni mtu wa vifaru," akasema, uso umejaa wema. Nami nikafurahi. Unakaa na jambo lako peke yako miaka na miaka, halafu siku moja mwenzako analetwa mpaka mlangoni! Kijana akainama: "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba kwa ile sauti nzito ninayoihifadhi kwa ajili ya misiba na mikutano. Nikakitoa kifaru kabatini kwa mikono miwili. Kilikuwa kimebakiza taa na vikorokoro vidogo tu. Nikakiweka mezani, nikarudi hatua moja nyuma, nizipishe sifa zipite.

Sifa hazikupita.

Kijana hakukitazama usoni. Alikiinua, akakigeuza chali, akakichungulia tumbo kama mnunuzi wa mbuzi.

"Mzee, hapa kuna matundu."

"Ya mota," nikasema. "Ni boksi la zamani. Vilikuwa vinatembea kwa betri."

"Cha kweli hakikuwa na matundu haya."

Nikamweleza kwa upole kwamba asiidharau mota. Hiyo skeli ya 1:35 anayoiheshimu imetokea humohumo. Tamiya, kiwanda cha modeli cha Japani, walipotengeneza modeli yao ya kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakuanza na hesabu za kitaalamu. Walitafuta ukubwa utakaomeza mota na betri, na kilipokuja kupimwa kikaonekana kiko karibu moja kwa thelathini na tano. Viwanda vingine vikafuata. Yaani wataalamu wote hawa, na vitabu vyao, wamesimama juu ya betri.

"Nafahamu, mzee," akasema.

Alikuwa anafahamu! Kisha akatoa rula mfukoni. Naapa. Kijana wa watu ametoka kwao kwenda kusalimia, ameoga, amechana nywele, ametia rula mfukoni.

Akapima urefu. Akapima upana. Akaibonyeza simu ikagawanya. "Hapa umezidi milimita mbili." *Umezidi!* Mimi! Nikamwambia plastiki ilimwagwa kiwandani, si jikoni kwangu. Akaitika "sawa mzee" kwa adabu ile inayouma kuliko tusi, akaendelea.

"Na mbavuni, juu ya minyororo, hakuna sakafu. Mtu akichungulia anaona mpaka ndani."

"Nani atachungulia?"

"Mimi nimeona."

Shemeji akaanza kuisoma kalenda ukutani, tarehe baada ya tarehe.

"Halafu hakina zimmerit," kijana akasema. Hilo ni puti lenye mistarimistari ambalo Wajerumani walianza kupaka vifaru vyao nusu ya pili ya 1943 mpaka Septemba 1944, ili mabomu ya sumaku yasinate kwenye chuma. Mabomu ambayo, kwa taarifa yenu, waliokuwa wakiyatumia hasa ni Wajerumani wenyewe. Lakini tusicheke, maana hapo nilijiona nimemkamata. Nikavuta kiti, nikakaa, nikapishanisha miguu. "Kijana wangu," nikasema, "hiki ni cha mapema. Kabla ya puti."

"Sawa mzee, kabla ya puti."

Akatulia. Nikaliona jicho lake linapanda taratibu, linapita bamba la mbele, linapita shina la mzinga, linafika kwenye kichwa, linasimama kwenye namba. 131. Ile stika pekee iliyosalimika.

"Mzee, 131 ni kile cha Tunisia. Waingereza walikikamata Aprili 1943. Kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, na kinatembea."

"Ndicho hicho," nikasema. Kifua kilikuwa mbele kabisa.

"Lakini hiki kikofia cha kamanda hapa juu, hiki kifupi chenye periskopu, kilianza kufungwa Julai 1943." Akanitazama kwa huruma ya kweli, sitamsingizia, ilikuwa ya kweli. "Kwa hiyo, mzee, kifaru chako kilikamatwa kabla hakijatengenezwa."

Kimya.

Shemeji akasema chai ni nzuri sana. Hakukuwa na chai.

Sasa ndugu zangu, nifanye nini? Niwaandikie Waingereza wakirudishe? Aliyeweka namba ya Aprili na kikofia cha Julai kwenye boksi moja ni kiwanda, kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu wahusika huenda wote wameshastaafu na wanalea wajukuu. Mimi nimebandika kilichokuwemo. Na nikwambie kitu, wewe uliyetulia hapo ukicheka: nachoka. Nachoka kweli. Kazini napimwa. Benki napimwa. Hospitali ndiyo usiseme, presha, sukari, uzito, "vua viatu mzee, panda tena." Nikatafuta kitu kimoja duniani kisicho na mtihani wala fomu, nikajifungia na kifaru cha sentimita 24 kutoka mkiani mpaka ncha ya mzinga, nisiwe mkubwa wa mtu wala mdogo wa mtu, na bado akapatikana aliyepanda gari akaja na rula.

Na aliondoka kwa heshima zote. "Asante mzee, kazi nzuri." Kazi nzuri! Mlangoni akakumbuka kunishauri kwamba siku hizi zipo seti za shaba za kurekebisha boksi la aina ile: mabati membamba yaliyochongwa kwa tindikali, vishikio, vifuniko, vikamba, unavikunja mwenyewe kimoja kimoja kwa kibano. Mimi nimeshindwa kumshika B27, ambaye ni wa plastiki na ana unene wa kueleweka, nikabidhiwe kishikio cha shaba?

Shemeji amenipigia jana. Kijana anauliza kama anaweza kurudi. Amefurahi sana, anasema hajawahi kukaribishwa vizuri namna ile.

Kuna na wale wa "kinafanya nini sasa?" Hakifanyi kitu. Kimekaa. Kuna sanamu ya tembo sebuleni kwa kila mtu na hakuna anayeiuliza inafanya nini.

Halafu rangi. Jioni hii nilitaka tu kugusiagusia njano pale kijana aliposhika. Kikopo kimejifunga. Nimekizungusha kwa mkono, kwa kitambaa, kwa koleo, nikakiloweka kwenye maji ya moto, nikakizungumzia kwa upole, nikakizungumzia vingine. Kimefunguka wakati nimeshakata tamaa, na humo ndani rangi imekuwa jiwe, na brashi niliyoipoteza mwaka jana imesimama katikati. Nikachukua kikopo cha pili. Kile kimefunguka kwa kidole kimoja. Rangi imejaa mpaka juu, laini, mbichi, safi kabisa. Ni ya waridi.

Najua, najua, Waingereza waliwahi kupaka Land Rover za SAS, kikosi chao maalumu, rangi ya waridi ili zijifiche jangwani; kijana atanikumbusha. Lakini si Tiger. Mimi sijanunua rangi ya waridi tangu nizaliwe. Nimetokea sebuleni na kikopo mkononi nimeuliza ni ya nani, na watu wanne wazima wamekodolea macho televisheni ambayo imezimwa.