Kompresheni ya Injini ya Tabo Ipimwe kwa Mteremko wa Gairo

Kila ninapoingia gereji ambako injini ya tabo, yaani yenye kifaa kinachoisukumia hewa ya ziada, imefunguliwa, mazungumzo huanza na ukubwa wa tabo, kisha huhamia kwenye kiasi cha busti, yaani shinikizo la hiyo hewa ya ziada. Uwiano wa mgandamizo, yaani mara ngapi mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa, ambao mafundi wetu huuita kompresheni, hukumbukwa mwishoni, hedi (kifuniko cha juu ya silinda) ikiwa imeshapelekwa kuchongwa, na kufikia hapo uamuzi huwa umeshafanywa na bei ya pistoni zilizopatikana dukani. Mimi naona mpangilio huo umepinduliwa: kompresheni ndiyo ianze, kwa sababu tabo na busti vinaweza kubadilishwa Jumamosi moja, lakini pistoni hazibadilishwi bila kuifumua injini nzima.

Hesabu yenyewe si ngumu. Silinda yenye kipenyo cha milimita 86, ambamo pistoni husafiri milimita 86, ina ujazo wa takriban sentimita za ujazo 500. Pistoni ikifika juu na kuacha nafasi ya takriban 71, mchanganyiko hubanwa mara 8. Ikiacha takriban 56, hubanwa mara 10. Kadiri unavyobana zaidi ndivyo unavyopata kazi kubwa kutoka kwenye petroli ileile, na kinadharia kutoka 8 hadi 9.5 unaongeza takriban asilimia 5 ya ufanisi. Tatizo la tabo ni kwamba hewa yake hufika kwenye silinda ikiwa imeshabanwa na imeshapata joto. Ikibanwa tena kupita kiasi, mchanganyiko uliobaki pembeni hujiwasha kabla moto wa plagi haujaufikia, injini inagonga, na injini ya tabo ikigonga chini ya mzigo mkubwa haihitaji muda mrefu kuvunja kingo za pistoni.

Ndiyo maana waundaji wa zamani walikuwa waoga. BMW 2002 Turbo ya mwaka 1973 ilitoka na 6.9 kwa 1. Toyota ilipoitengeneza injini ya 2JZ ya tabo iliipa 8.5, wakati ndugu yake isiyo na tabo ilikuwa na 10. Siku hizi Mazda huiuza injini yake ya lita 2.5 ya tabo ikiwa na 10.5, na vijana wengi hunitajia namba hiyo kama ushahidi kwamba woga umepitwa na wakati. Husahau kwamba injini hiyo hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, petroli ikivukiza huipoza hewa palepale, na kompyuta husikiliza kugonga kwa injini na kuchelewesha moto wa plagi mara moja. Kuchukua namba yake na kuipachika kwenye injini ya miaka ya tisini inayonyunyizia petroli nje ya silinda ni kuazima kofia ya mtu bila kichwa chake.

Sasa Dodoma. Mji huu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban baa 0.89, dhidi ya 1.01 kule Dar es Salaam. Gari ambalo kilango cha tabo, kile kinachozuia busti isizidi, kinategemea springi tu, likiwekewa busti ya 0.8, huingiza hapa hewa yenye shinikizo halisi la 1.69. Fundi analijaribu barabarani, halitoi mlio wowote, mwenye gari analipa na kuondoka. Wiki inayofuata anakwenda Dar: anapita Kibaigwa, anafika Gairo, anaanza kuteremka kuelekea Dumila, na kila mita anayoshuka hewa inakuwa nzito. Akifika pwani, springi ileile inampa 1.81, yaani takriban asilimia 7 zaidi ya kile injini ilichojaribiwa nacho, na hakuna aliyegusa kitu. Injini iliyokuwa na nafasi ndogo tu ya usalama Dodoma haina nafasi yoyote Kibaha. Kwa hiyo kompresheni inapaswa kuchaguliwa kwa mahali pa chini kuliko pote ambapo gari litafika.

Petroli nayo ihesabiwe kwa mtindo huohuo. Neno kuchakachua halikuzuka bure; mafuta ya taa yalichanganywa kwenye mafuta ya magari kiasi kwamba mwaka 2011 Serikali iliyapandishia kodi ili kuua tofauti ya bei. Hali leo ni nafuu, lakini anayesafiri kwenda Singida au Kondoa hawezi kuchagua kila kituo atakachojazia, na mafuta ya taa hata kidogo hushusha okteni, yaani uwezo wa petroli kubanwa bila kujiwasha.

Kutokana na haya wapo wanaokimbilia upande wa pili na kushusha kompresheni hadi 7.5. Hilo nalo silikubali. Gari letu la kila siku hutumia muda mwingi kwenye foleni na mwendo wa mjini, tabo ikiwa bado haijaamka, na huko kompresheni ndogo ni uvivu na petroli inayopotea.

Mbaya zaidi ni njia ya mkato ya kuweka gasketi mbili za hedi, ambayo niliwahi kuuziwa katika gereji moja hapa mjini kama utaalamu. Unene wa milimita 1 ulioongezwa kwenye silinda niliyoieleza hushusha 10 hadi takriban 9.1, jambo linalopendeza kwenye karatasi. Lakini hedi imesogea mbali na pistoni, ule upenyo mwembamba wa pembeni unaovuruga mchanganyiko ili uungue haraka umepotea, na injini yangu iligonga zaidi kuliko mwanzo.

Kwa injini kama ile ya miaka ya tisini, petroli ya pampu na intakula nzuri (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), mimi huchagua kati ya 8.5 na 9, kwa pistoni zilizotengenezwa hivyo na gasketi moja. Kabla ya kuziagiza, nafasi ya hedi ipimwe kwa bomba la sindano na mafuta mepesi, silinda moja baada ya nyingine, kwa maana hedi nyingi za mtumba zimeshachongwa mara moja au mbili na namba ya kiwandani haipo tena. Yangu ilikuwa imechongwa, na silinda ya tatu ilitofautiana na nyingine kwa sentimita za ujazo 2.