Bibi alale wapi: makao ya wazee au chumba mtaani?

Ukipita Mwembe Tayari, hapa Mombasa, usiku wa manane utawakuta kina bibi wawili watatu kwenye baraza za maduka, wamejifunika leso, gunia limewekwa kichwani kama mto. Hawalali popote tu. Wanachagua baraza yenye taa na bawabu, maana hiyo ndiyo polisi yao.

Wako wanaosema kaunti iwajengee makao ya wazee, na hoja yao si nyepesi. Kule Ganze, Kilifi, Kaya Godoma imewahifadhi wazee waliotuhumiwa uchawi, tuhuma ambayo mara nyingi nyuma yake kuna shamba linalotamaniwa. Bibi aliyekimbia wanawe mwenyewe, ukimwambia arudi kwa jamaa zake, unamrudisha penye panga. Huyo anahitaji ukuta, geti na mlinzi, tena leo.

Lakini si wote waliokimbia panga. Wengi walipoteza nyumba, na hapa Mombasa ina mambo yake. Kuna nyumba bila ardhi: kuta zako, kiwanja cha mwingine, unalipia kodi ya ardhi miaka na miaka. Kiwanja kikiuzwa, umebaki na mawe na mabati. Kisha kuna mirathi. Kwa Waislamu, mjane ambaye mumewe ameacha watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja kwa nane. Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita kule Majengo: fungu lake ni robo tatu ya chumba. Sheria inategemea mtoto atamweka mama. Warithi wakiamua kuuza, bibi hupewa pesa zinazoisha kabla ya mwaka, na kile chumba alichozalia wanawe kinapangishwa mgeni. (Sisemi mirathi ina kasoro. Wenye kasoro ni watoto wanaoshika thumuni na kusahau kuwa kumtunza mama ni wajibu wao.)

Bibi wa namna hii ukimpeleka makao ya mbali umemwokoa na baraza, ila umemtoa kwa jirani anayemletea uji na mwenzake wa chama aliyecheza naye ngoma ya lelemama. Mimi ningemkodishia chumba mtaani kwake. Ujenzi hula pesa kabla mtu hajalala hata usiku mmoja, na vyumba vya kupanga viko tayari Majengo na Kisauni.

Atalipa nani? Katiba inamhesabu mtu mzee akifika miaka 60, lakini Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, inasubiri afikishe 70, na inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Miaka kumi hiyo ya katikati bibi anauza mbaazi na mahamri hadi magoti yakatae. Nyumba za bei nafuu za serikali nazo zinataka amana na malipo ya kila mwezi, kwa hiyo tusizihesabu.

Wanaopinga kodi ya chumba wana swali zuri: mwenye nyumba akipandisha kodi, au mtoto akija kuhamia na kumfukuza mama tena? Ndiyo maana kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, mzee wa mtaa awe shahidi, na mkataba uandikwe kwa jina la bibi mwenyewe. Ufunguo wa pili asipewe mtu.