Masikio ya Spanieli na Joto la Malindi

Msimu mzima wa kusi uliopita nilikuwa mwangalizi wa nyumba moja iliyo karibu na ufuo hapa Malindi, na pamoja na bustani nilikabidhiwa mbwa aina ya koka spanieli wa rangi ya dhahabu, ambaye wenyewe walimwacha na magunia ya chakula na neno moja tu: mpole. Mpole alikuwa kweli. Kuhusu masikio yake hawakusema lolote.

Spanieli ni mbwa wa kuwinda, aliyekuzwa Ulaya ili apenye vichakani, awafurushe ndege na kuwaokota wakishapigwa. Ndiyo maana ana singa ndefu, pua isiyotulia na hamu ya kutembea ambayo ua wa nyumba haumtoshelezi. Masikio yale yanayoning'inia, ambayo kila mgeni huyasifu, hufunika tundu hewa isipite, na katika unyevu wa pwani kuvu na bakteria hustawi humo. Wiki ya tatu alianza kutikisa kichwa usiku kucha. Nilipofunua sikio la kushoto nilikuta uchafu wa kahawia unaonuka kama unga uliochacha, na ngozi imevimba. Daktari wa mifugo alipunguza singa za upande wa ndani, akanifundisha kumimina dawa ya kusafishia, kukanda chini ya sikio, kisha kufuta kwa pamba pale kidole kinapofika tu, bila kuingiza kijiti. Chakula nikaanza kumpa katika bakuli refu lenye mdomo mwembamba, masikio yakabaki nje.

Majirani waliniuliza Muislamu anafanyaje kazi hii. Sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii tunahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, panapopata paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Nilitenga nguo za kazi, nikaosha. Mbwa wa kuwinda ameruhusiwa kufugwa, na sioni ruhusa ya kumwacha aumwe.

Kwa maoni yangu, anayempenda spanieli kwa sura tu asimlete Malindi. Akimleta, amsafishe masikio kila wiki, amchane mara kwa mara, apekue kupe katikati ya vidole na amtembeze alfajiri, kabla mchanga haujaanza kuchoma. Akisafiri nusu ya mwaka, kazi hiyo aieleze na kuilipia, maana si sehemu ya kumwagilia bustani.

Wenyewe waliporudi na kaskazi, swali lao la kwanza lilikuwa kwa nini singa za masikio zimekatwa.